Mjane wa Shela na Foleni ya Malkia

Bi Fatu wa Shela, hapa Malindi, hakuwa mwanamke wa kukaa. Aliletwa kutoka Mambrui akiwa bibi harusi, na hina ilikuwa bado haijamtoka vidoleni alipoanza kuitwa huku na huku kusaidia mapishi. Mwisho akawa ndiye mpishi mwenyewe. Harusi, maulidi, akika, hitima: palipo na sufuria la kulisha mtaa mzima alikuwapo yeye, leso imefungwa kiunoni, upawa mkononi, akizunguka meko na kuwakaripia waliokata vitunguu vinene.

"Fatu, kaa upumue," mumewe Zaid humwambia.

"Nitapumua kaburini," humjibu, na huku keshavaa buibui anatoka.

Basi aliyekwenda kaburini kwanza ni Zaid, na aliyekalishwa ni Fatu.

Zaid alikuwa fundi wa mafriji, na kiduka chake kilikuwa karibu na soko la samaki. Mwezi ule wa Septemba Malkia wa Uingereza alikuwa amefariki, na hata hapa kwetu bendera za serikali zilishushwa nusu mlingoti. Zaid alirudi nyumbani siku moja akasema, "Nimeona bendera imeshuka, nikauliza nani tena kafa, wakaniambia Malkia. Nikawaambia, yule nilimkuta kwenye senti tangu nikitumwa chumvi." Akacheka, akala, akalala. Jumanne yake, watu wakiwa mbele ya televisheni wanamngoja rais mpya aapishwe, Zaid aliinama kuinua mashine ya friji ya mwuza samaki mmoja, akashika kifua, akakaa chini. Hakuinuka tena. Alikufa asubuhi, na alasiri akazikwa, kama ilivyo ada ya Waislamu, maiti hangojewi.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Ummi, na Ummi alikuwa London. Alikwenda mwaka huo huo kufanya kazi ya kuwatunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Safari ile ilileta maneno. Kaka yake Zaid, Abdulghani, aliipinga waziwazi. "Msichana aende akawaogeshe wazee wa watu," alisema, "na wa kwao wataogeshwa na nani?" Zaid hakubishana naye. Alisema tu, "Mwanangu ana mkono wa huruma, mwacheni aende," akampeleka mwenyewe uwanja wa ndege Mombasa, akasimama nje ya kioo mpaka walinzi wakamwuliza anangoja nini.

Siku ya msiba Ummi alikuwa zamu, simu yake imefungiwa kabatini. Alipoishika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

"Mmeshamzika, Mama?"

"Tumeshamzika, mwanangu."

Fatu alingoja kusikia kilio. Alisikia pumzi tu, kisha Ummi akasema kengele inalia, kuna mzee anamwita, atapiga baadaye. Alipopiga aliongea kwa sauti kavu. Alikuwa ameomba ruhusa aje, wakubwa wake wakamjibu kwamba bado yumo katika miezi ya majaribio, na kama maziko yamekwisha, safari ni ya nini?

Sauti ile kavu ndiyo iliyomnyima Fatu usingizi kuliko kifo chenyewe.

Na sasa alikuwa edani. Mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nguo nyeupe, hana hina, hana manukato, haonani na mwanamume ambaye si maharimu wake, jamaa asiyeweza kumwoa. Wako wanawake wanaoipokea eda kama mapumziko. Fatu aliipokea kama kufungwa kamba. Alizunguka chumba chake kutoka kitanda hadi dirisha, dirisha hadi kabati. Alikunja nguo zilizokunjwa. Ukumbini wanawake walisoma, uani watu wa matanga walipikiwa na mpishi wa kuazima, na harufu ikimfikia Fatu alijua kila kitu kinachokwenda kombo.

"Damaris!" aliita. "Waambie wapunguze makaa chini! Wali unashika!"

Damaris alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi, mtu wa Ganze, Mkristo, aliyejifunza pilau kwake hadi akawa hodari. Tangu msiba hakurudi kwake. Alilala mkekani miguuni pa Fatu.

"Nimewaambia, Mama Ummi. Wewe tulia."

"Natulia wapi? Chumba hiki nimekimaliza."

Jumamosi asubuhi simu ya Fatu ilianza kulia mfululizo. Lilikuwa kundi la ukoo. Kiponda, mpwa wa Zaid aliyeko Maskati, alikuwa akitazama habari kwenye televisheni, akaona kitu, akakipiga picha na kukituma. Ilikuwa foleni. Watu wengi sana, wamevaa makoti, wamesimama ndani ya kamba kando ya mto mpana, wanangoja zamu yao ya kupita mbele ya jeneza la Malkia. Katikati yao alionekana msichana mwenye mtandio wa kijivu, mikono ameificha mifukoni.

"Huyu si Ummi wetu?" Kiponda aliandika.

Fatu aliikuza picha kwa vidole viwili. Alikuwa Ummi.

Kundi likawaka moto. Mmoja akasema huenda alikuwa anapita tu. Mwingine akauliza apite vipi katikati ya kamba? Shangazi mmoja wa Mambrui akatuma sauti ndefu, kwikwi nyingi, maneno machache: babake hata arubaini hajafika, babake hata juma halijaisha. Fatu alisikiliza nusu, akaizima, akasimama, akakaa, akasimama tena.

Haikupita muda akasikia kikohozi ukumbini, na wanawake wakisogea. Abdulghani alikuwa amekuja. Alisimama upande wa pili wa pazia, Fatu akaviona vidole vya miguu yake chini ya upindo.

"Shemeji, umeona?"

"Nimeona."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Hakuja kumzika babake, leo yuko foleni kumzika Malkia. Watu wameniuliza barazani, nimekosa la kuwajibu. Na wanaofika pale mbele wanainama, shemeji. Nimewatazama. Wanaume, wanawake, wote wanainama. Mtoto wa ndugu yangu anakwenda kuliinamia sanduku?"

"Nipe nafasi nizungumze naye."

"Mwambie atoke kwenye foleni ile. Mwambie ami yake ndiye aliyesema."

Vidole vilikaa pale kidogo, kisha vikaondoka.

Mara ya kwanza simu haikupokewa. Mara ya pili Ummi alipokea, na nyuma yake kulikuwa na upepo na sauti za watu wengi wanaozungumza chini chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko... karibu na mto."

"Najua ulipo. Nimekuona. Ukoo mzima umekuona. Kiponda amekutoa kwenye televisheni."

Fatu alimsikia akisogea hatua mbili tatu, kama mtu anayesogea na foleni.

"Mama, umekasirika?"

"Sijui kama nimekasirika. Nataka kuelewa. Mwanamke yule ulimpendea nini?"

"Simjui, Mama. Simpendi wala simchukii."

"Basi?"

"Juzi nilikuwa namlisha mzee uji, televisheni iko wazi. Nikawaona watu hawa. Watu wazima wamesimama njiani wanalia, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi tangu Jumanne nalilia chooni. Nalia kidogo, naosha uso, natoka nacheka na wazee, maana nikiwa na huzuni na wao wanahuzunika. Ninapoishi hakuna mtu hata mmoja anayemjua Baba. Hapana jamvi. Hapana wa kunipa mkono akaniambia pole."

"Na misikiti hakuna huko?"

"Iko. Jana nilikwenda, nikaswali, nikamwombea. Halafu kila mtu akavaa viatu akakimbilia kazini. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nikasema, kama kuna mahali katika mji huu watu wamekusanyika kwa ajili ya maiti, nitakwenda nisimame nao. Ndivyo tu. Sikutaka mjue."

Fatu aligundua kwamba amekaa. Hakukumbuka ameketi saa ngapi. Damaris, aliyekuwa mkekani, alikuwa amesikia yote, na alikuwa anafuta macho kwa pindo la leso.

"Umekula?" Fatu aliuliza.

Hapo ndipo Ummi alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, kilio ambacho Fatu alikuwa akikingoja tangu Jumanne. Fatu hakumnyamazisha. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kwa mbali akasikia sauti ya kizee inasema neno kwa Kiingereza, na Ummi akijibu katikati ya kwikwi.

"Nani huyo?"

"Bibi mmoja nimefuatana naye tangu usiku, ana mkongojo. Ameniuliza kama nilimpenda Malkia kiasi hicho. Nimemwambia babangu amefariki na sikumzika."

"Amesema nini?"

"Amenishika mkono. Mama, ngoja... anawaambia wengine."

Kutoka London hadi Shela, ndani ya chumba cha mjane, Fatu alizisikia sauti zile zikija moja moja. Hakuelewa maneno, ila pole haihitaji tafsiri. Mwanamume mmoja aliongea kwa kirefu, akasita, akaendelea. Ummi akamweleza mama yake: huyo mkewe alikufa wakati wa korona, hawakumruhusu kuingia hospitali, na maziko aliyatazama kwenye kompyuta jikoni kwake. Tangu hapo hajawahi kusimama mahali na watu akamlilia. Alipotangaziwa msiba huu akafunga duka lake akaja.

"Naona kila mtu hapa ana maiti wake, Mama," Ummi alisema.

"Mwambie bibi yule nimeipokea pole yake. Na huyo mwanamume mwambie Mungu amrehemu mkewe. Mwambie kwa Kiingereza vizuri, usimkatekate."

Wakaendelea hivyo. Ummi alisogea, akasimama, akasogea. Fatu alimwuliza wanapita wapi, akaambiwa chini ya daraja, mbele ya jumba la vioo, pembeni mwa bustani. Aliuliza wanauziwa nini njiani. Aliuliza kama bibi mwenye mkongojo amepata pa kukaa, na alipoambiwa hapana, alisema, "Mtilie mkono kwapani, asiuelemee mguu mmoja." Simu ilichomekwa kwenye chaji, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi Fatu alisimama ukutani muda wote huo, hatambui miguu.

Mara mbili wanawake wa ukumbini walichungulia. Mara ya tatu dada mmoja mkubwa alisema haifai, mjane aliye edani anapiga soga na simu mchana kutwa. "Nimo matangani," Fatu alimwambia. "Mwanangu yuko matangani na mimi nimo naye."

Alasiri ilipokaribia Ummi alisema, "Mama, tumefika mlangoni. Humo ndani simu hazitakiwi. Nazima."

"Ummi. Ami yako amesema utoke."

Nyuma ya Ummi mtu alikuwa akiwaambia watu wasogee.

"Mimi sikuambii utoke. Ila usiiname, mwanangu. Kichwa chako ni cha Mungu."

"Siinami, Mama."

Simu ikakatika.

Sasa ndipo Fatu alipohangaika kweli. Alitandika kitanda kilichotandikwa. Alichukua ufagio, akafagia, Damaris akamnyang'anya, akaanza kupangusa kioo cha dirisha kwa kiganja. "Itakuwaje wakimwambia lazima ainame?" alisema. "Itakuwaje akizirai? Hajala yule. Nimemwuliza kama amekula, hakunijibu."

Damaris alikuwa anabofya simu yake mwenyewe. "Mama Ummi, njoo. Wanaonyesha moja kwa moja."

Wakaketi mkekani, vichwa vimegusana. Kwenye kioo kile kidogo palikuwa na ukumbi mrefu wa mawe, jeneza juu ya jukwaa limefunikwa bendera, askari wameinamisha vichwa kama sanamu. Watu walipita pande mbili. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyesoma kitu. Hatua tu, na kila mmoja akifika anasimama mbele ya jeneza, anainama, anakwenda.

"Hata kuimba hawaimbi," Damaris alinong'ona. Kwao Ganze msiba wa mtu mkubwa ni ngoma na nyimbo mpaka kuche. "Wanawezaje?"

"Shh. Tazama mtandio wa kijivu."

Walitazama hadi macho yakauma. Mtandio wa kijivu ulipita, haukuwa wake. Adhana ya alasiri iliadhiniwa. Fatu akaswali upesi pale pale kando ya mkeka, Damaris akimlindia simu. Aliporudi kukaa, Damaris alimbana mkono.

"Yule. Yule pale!"

Bibi mwenye mkongojo alikuwa mbele. Akainama kidogo, kadiri mgongo ulivyomruhusu, akapita. Nyuma yake akaja Ummi. Alionekana mdogo sana. Alifika mbele ya jeneza akasimama wima. Hakuinama. Mikono yake ilitoka mifukoni, ikainuka mpaka usawa wa kifua, viganja juu, na midomo yake ikaanza kutikisika.

"Anasoma Fatiha," Fatu alisema. Na yeye akainua mikono, akaisoma pamoja naye, haraka, ili wasiachane. Alikuwa hajafika mwisho mlinzi mmoja aliponyoosha mkono taratibu kuonyesha njia. Ummi akajipangusa uso kwa viganja, akatoka nje ya picha.

Fatu aliimaliza Fatiha peke yake. Kisha akajilaza juu ya mkeka, jambo ambalo Damaris hakuwahi kuliona mchana, akalia hadi magharibi.

Abdulghani alirudi baada ya swala ya magharibi. Vidole vyake vilikuja tena chini ya pazia.

"Shemeji."

"Naam."

"Umemwambia nilivyosema?"

"Nimemwambia. Kisha nikamwambia mimi sikumkataza. Ukitaka kusema, sema na mimi. Yule ana matanga yake, mwache ayamalize."

Fatu alitegemea ngurumo. Alikuwa amejiandaa, alikuwa amesimama. Kutoka uani zilisikika sauti za vyombo vinavyooshwa.

"Kiponda ametuma ile ya moja kwa moja," Abdulghani alisema mwishowe. "Tulikuwa tunaitazama barazani."

"Kwa hiyo umemwona."

"Nimemwona." Akakohoa. "Walimwondoa upesi. Hata hajamaliza."

"Nimemmalizia mimi."

Akaaga, akaenda.

Jumatatu yake walimzika Malkia. Kila duka la Malindi lenye televisheni lilikuwa linaonyesha farasi na askari, na watu walisimama kutazama, wengine wakilaumu kwamba hao ndio waliotutawala, wengine wakisema maiti hasemwi. Fatu aliyasikia hayo dirishani. Mchana Ummi akampigia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imelegea, sauti ya mtu aliyelala.

"Mama, Ami amenipigia."

"Kakutukana?"

"Amenipigia kwa picha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaigeuza simu. Alikuwa makaburini. Sikujua nitazame wapi, picha inatikisika. Nikaona mchanga, na mawe mawili, na kijiti cha mrehani mtu amekichomeka. Akaniuliza, umeona? Nikamwambia nimeona. Akasema, basi lia, mwanangu, hapa hapana watu."

"Ukalia?"

"Nililia, Mama. Na yeye alikuwa ameishika simu tu. Hakuiteremsha. Nilimsikia anabadilisha mkono."

Fatu alipomwuliza Abdulghani habari ile, alisema alikuwa anapita njia ile kwa shughuli zake. Njia ya makaburini haiendi popote, na Fatu hakumkumbusha.

Maneno ya watu hayakuisha siku moja. Wako waliosema hadi arubaini kwamba binti wa Zaid aliswalia sanduku la Malkia, na wako walioongeza kwamba alipewa zawadi. Shangazi wa Mambrui hakusema na Fatu hadi mwaka ulipokwisha. Fatu naye hakuwa na raha. Miezi ile ya eda aliichakaza sakafu ya chumba kile, na siku zilipokwisha, mwezi wa Januari, alioga, akavaa buibui, akatoka kabla ya chai. Alipita Shela yote kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwashukuru waliokuja kumzika mumewe, na Damaris alimfuata nyuma akimwomba apunguze mwendo.

Ummi alipata ruhusa baada ya Idi. Abdulghani ndiye aliyekwenda kumchukua Mombasa. Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, leso tayari mikononi, maana anayerudi baada ya msiba hupokewa kwa kilio. Ummi aliingia, akamwamkia kila mmoja, akambusu mama yake mkono, akaketi mkekani, akaomba maji. Wanawake wakangoja. Wakatazamana. Yule dada mkubwa akaanza kunong'ona.

"Huyu ameshalia," Damaris akawaambia, akimpa kikombe. "Mwacheni anywe."